Ndoo Imejaa Maji, Mchicha Una Kiu: Majibu kwa Wakulima wa Ndoo na Magunia

Barua za safari hii zimetoka vibarazani, juu ya mapaa na kwenye vichochoro kati ya nyumba na nyumba. Mboga zinazotajwa ni tofauti, ila nyingi zinalia na jambo moja: mzizi uliofungiwa. Shambani mzizi ukikuta maji yametuama huchepuka, ukikuta pakavu hushuka chini. Ndani ya ndoo hauna pa kukimbilia. Tumeanza na barua zinazohitaji maelezo marefu. Zile za maneno mawili zimekaa mwishoni.

Nimepanda mchicha kwenye ndoo tano za lita 20. Chini niliweka kokoto kama nilivyoelekezwa, juu nikajaza udongo mwekundu niliouchanganya na maranda ya kwa fundi seremala. Namwagilia asubuhi na jioni. Mbegu ziliota vizuri, lakini wiki ya nne hii miche haijazidi urefu wa kidole, majani ya chini yamegeuka njano, na jua likipanda yananyauka ilhali udongo umelowa. Juu pamekuwa pagumu kama pamesakafiwa. Nimekosea wapi? *Mama wa ndoo tano, Tabata, Dar es Salaam*

Mama, makosa ni matatu na yameshikana mikono. Kabla ya yote, ng'oa mche mmoja pamoja na udongo wake, uusuuze taratibu kwenye beseni la maji, kisha tazama mizizi. Ikiwa myeupe na imesambaa, ni mizima. Ikiwa ya kahawia, inateleza ukiibana kwa vidole na inanuka kama mtaro, imekosa hewa. Kwa dalili ulizozitaja tunaamini utaikuta hiyo ya pili. Mzizi usiopumua haunyonyi maji hata ukiwa umezama ndani yake. Ndiyo maana mchicha wako una kiu na ndoo imejaa.

Kosa la kwanza ni kokoto. Ushauri wa kutandika kokoto kitakoni umeenea kila mahali, na sisi hatuuungi mkono. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake uwe umeshiba kabisa. Lile tabaka la chepechepe ambalo lingebaki kwenye kitako cha ndoo sasa limepandishwa juu ya kokoto, likasogea karibu na mizizi. Ukitaka kuona kwa macho, chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe, ilaze bapa kiganjani mpaka iache kudondosha. Halafu isimamishe wima: itadondosha tena. Maji ni yale yale na sponji ni ile ile, kimo tu ndicho kilichoongezeka. Ndoo ndefu iliyojaa mchanganyiko mmoja juu hadi chini hukauka vizuri kuliko ndoo hiyo hiyo iliyopunguzwa kimo kwa kokoto.

Zitoe. Toboa matundu 8 kitakoni kwa msumari wa inchi 4 uliopashwa moto, na mengine 4 ubavuni, sentimita 2 kutoka chini, kwa sababu ndoo ikikaa juu ya sakafu ya saruji matundu ya kitakoni huziba. Ndani, juu ya matundu, laza kipande cha wavu wa dirisha ili udongo usimomonyoke. Ndoo yenyewe iinue juu ya vipande vya tofali.

Kosa la pili ni udongo mtupu. Udongo mwekundu wa mfinyanzi ukiwa ardhini una minyoo na mizizi ya zamani inayoupasua. Ukiutia ndooni na kuumwagia maji mara mbili kwa siku hushikana ukawa tofali bichi. Ndoo ya lita 20, ukiacha nafasi ya vidole viwili juu kwa ajili ya maji, inachukua kama lita 17. Pima kwa kopo la lita moja: udongo wa juu makopo 7, samadi au mboji iliyooza vizuri makopo 5, pumba za mpunga zilizochomwa makopo 5. Usipopata pumba, tumia mchanga wa mto wenye chembe kubwa. Mchanga wa baharini usiuguse, una chumvi. Nyunyizia maji mchanganyiko wako, chukua konzi moja, ukamue kwa nguvu, kisha fumbua mkono na uliguse donge kwa kidole. Likimeguka, ni sawa. Likibaki zima na alama za vidole vyako, ongeza pumba. Likisambaratika kabla hujaligusa, ongeza samadi.

Pumba huchomwa hivi: debe bovu lililotobolewa matundu pande zote hufunikwa juu ya mkaa uliowaka, pumba hurundikwa kulizunguka, na zikianza kuwa nyeusi hugeuzwa kwa koleo. Zikishakuwa nyeusi zote mwagia maji hapo hapo. Ukienda kupokea simu utakuta majivu meupe, na majivu hayatengenezi nafasi ya hewa, hushikana.

La tatu ni maranda. Maranda mabichi yakilowa huanza kuoza, na vijidudu vinavyoyaozesha vinahitaji naitrojeni kama vile mchicha unavyoihitaji. Vyenyewe huwahi. Ndiyo maana manjano yameanzia majani ya chini: mmea unahamisha chakula kutoka jani kuukuu kwenda jani changa. Maranda yanafaa yakishakaa kwenye rundo la mboji miezi mitatu au zaidi, hayafai siku ya kupanda.

Miche hiyo usiibembeleze. Mchicha unaliwa siku ya 21 hadi ya 30 tangu kusia, kwa hiyo kuanza upya ni nafuu kuliko kuuguza. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na vijiko kumi vya mchanga mkavu ili zisianguke rundo, nyunyiza, funika kwa udongo usiozidi nusu sentimita. Zikiota, punguzia. Za kung'oa zima ziachane sentimita 5, za kuchuma majani sentimita 15. Wiki mbili baada ya kuota, weka nusu kijiko cha chai cha CAN, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, kwa ndoo, uizungushe pembeni mbali na shina, kisha mwagilia. Na hiyo ratiba ya asubuhi na jioni iache. Ingiza kidole mpaka pingili ya pili: pakiwa na unyevu, subiri.

Tukiwa kwenye ndoo: zile zilizobeba dawa ya wadudu, oili chafu au tina ya rangi hazisafishiki. Zisipandwe kitu kinacholiwa.

Nyanya zangu ziko kwenye ndoo kibarazani. Zimezaa, lakini kila tunda linapokaribia kuiva linakuwa na doa jeusi kitakoni, limebonyea kama ngozi. Jirani kaniambia ni ugonjwa, nipige dawa ya ukungu. Mwingine kasema nimwagie maganda ya mayai. Natoa machipukizi yote ya kwapani kila Jumapili. Mbegu ni Cal J. *Mwalimu mstaafu, Morogoro*

Shikamoo Mwalimu. Dawa ya ukungu usinunue. Doa hilo huitwa kuoza kitako, na halina kimelea nyuma yake, kwa hiyo haliambukizi. Tunda linapokua upesi linahitaji madini ya kalisi (kalsiamu) ili kujenga kuta za chembe zake, na kalisi husafiri ndani ya mmea ikiwa imebebwa na maji peke yake. Kitako cha tunda ndicho kituo cha mwisho cha safari. Siku ndoo inapokauka mpaka majani yakalegea, msafara unakatika, na kitako kinakufa njaa hata kama udongo una kalisi tele. Ukimwagilia kwa wingi jioni huwezi kukifufua. Doa utakaloliona baada ya wiki lilianza siku ile.

Kwa hiyo dawa ni maji yasiyokatika. Mnyanya wenye matunda ndani ya ndoo ya lita 20 hunywa lita 2 hadi 3 kwa siku ya jua kali. Gawa mara mbili, alfajiri na alasiri. Juu ya udongo tandaza nyasi kavu au makumbi yaliyochambuliwa, unene wa sentimita 5. Kama ndoo ni nyeusi na jua la saa nane linaipiga ubavuni, ivishe gunia jeupe. Weka kiganja kwenye ubavu wake mchana nawe utaelewa mizizi inaishi vipi mle. Mnyanya mmoja kwa ndoo moja. Tunajua inauma kuona nafasi imebaki, lakini ukipanda miwili utateka maji mpaka usiku.

Matunda yenye doa yatoe, hayatapona na yanakula bure. Kama umekuwa ukitia urea au mbolea ya kuku, simama kwanza: naitrojeni nyingi huchochea majani, majani huvuta maji, na tunda hupokonywa. Maganda ya mayai hayana dhambi, ila huyeyuka kwa miezi mingi. Yasage yawe unga, uuchanganye kwenye udongo wa msimu ujao. Majivu ya kuni nayo yana kalisi. Konzi moja kwa ndoo kabla ya kupanda inatosha, kwa sababu yakizidi hupunguza uchachu wa udongo hadi madini mengine yakashindwa kunyonywa.

Sasa hayo machipukizi, Mwalimu. Cal J ni nyanya fupi: hufika kimo chake ikasimama, na sehemu kubwa ya matunda yake huja kwenye hayo matawi unayoyatoa kila Jumapili. Unakata mavuno yako mwenyewe. Ondoa yale ya chini ya shada la kwanza la maua tu, ili majani yasiguse udongo. Kazi ya kukata vikwapa ni ya nyanya ndefu kama Moneymaker au Anna F1, zinazopanda kamba bila kukoma. Cal J na Rio Grande zinahitaji mti mmoja wa kuegemea wa mita moja, na mti huo uuchomeke siku ya kupandikiza, kwani ukiuchomeka mmea ukishakuwa mkubwa unapasua mizizi.

Tuongeze neno kwa wa Pwani wanaouliza kwa nini nyanya zao zinachanua na kudondosha maua bila kuzaa. Usiku ukiwa na joto la nyuzi 22 na kuendelea, chavua huharibika, na Dar es Salaam, Tanga na Mombasa mwezi wa Januari hadi Machi usiku haupoi kufika hapo. Sia katikati ya Aprili, miche ikae chini ya paa la nailoni angavu kujikinga na masika, pandikiza katikati ya Mei. Maua yatakutana na Juni na Julai, kipupwe kikiwa kimeingia.

Nimetengeneza gunia la sukuma wiki hapa nje ya ploti. Za juu zimestawi, za katikati ziko sawa, za chini karibu na ardhi zimekauka zote. Namwaga ndoo nzima ya maji kwa siku na maji hapa tunanunua mtungi. Pia dadangu anaishi fleti ya ghorofa ya nne mtaa wa Pipeline, anataka gunia kama hili kwa balkoni. *Msomaji, Embakasi, Nairobi*

Tuanze na dadako: asiweke. Gunia la kilo 90 likijazwa udongo na kumwagiliwa hupita kilo 120, na uzito wote unakaa mahali padogo kama meza ya kahawa. Atumie ndoo za lita 10, azipange kwa mstari zikigusa ukuta wa nyumba, wala si ukingoni pa balkoni. Na chini ya kila moja aweke sahani ya kukinga maji, kwa amani na majirani wa chini.

Sasa gunia lako. Moyo wa gunia ni ule mhimili wa mawe wa katikati. Ukikosewa, maji yote unayonunua yanakwenda mahali pamoja. Upime. Mwaga lita 5 polepole kwenye mdomo wa mhimili, utazame. Maji yakisimama juu kama kwenye kikombe, mhimili umeziba: ama uliishia katikati ya gunia, ama ulijazwa kokoto zenye vumbi na mchanga. Yakitokea chini papo hapo kabla hujamaliza kumwaga, mawe ni makubwa mno na yanapitisha maji kama bomba. Hapo huwa ni katikati panapokauka. Kwa maelezo yako, lako limeziba.

Usilibomoe. Tafuta nondo ya milimita 12, uisukume katikati ya mhimili ukiizungusha mpaka iguse ardhi, uichomoe, urudie mara nne au tano kwa kuzunguka. Ikigoma, kata bomba la plastiki la inchi moja na nusu, urefu wa gunia lako, litoboe vitundu vya milimita 5 kila sentimita 10 kwa pande nne, ziba mwisho wa chini kwa kitambaa, ulishindilie kwenye njia iliyofunguliwa na nondo. Utamwagilia kupitia hilo.

Utakapotengeneza jingine, fanya hivi. Changanya udongo debe mbili kwa samadi debe moja, na kama udongo ni ule mweusi wa pamba uliojaa upande wenu, tia mchanga debe moja pia. Kunja mdomo wa gunia uteremke hadi karibu na chini. Chukua kopo la mafuta la kilo 2, likate pande zote mbili libaki kama bomba, lisimamishe katikati. Jaza kopo kokoto zilizooshwa, ukubwa wa yai la kware hadi yai la kuku. Kuoshwa si mapambo, vumbi ndilo linaloziba. Zunguushia udongo mpaka ulingane na kopo, shindilia kidogo kwa kiganja, vuta kopo juu huku kokoto zikibaki chini, kunjua gunia, jaza tena. Mwisho kopo libaki juu, liwe mdomo wa kunyweshea. Mwagilia siku tatu bila kupanda, udongo utulie, kwa kuwa udongo unaoshuka ukiwa umeshapanda huvuta miche ndani na kuivunja shingo.

Matundu usikate duara. Kata mpasuko wa sentimita 5 kama herufi T, ili gunia lijifunge kuzunguka shina na udongo usitoke. Kati ya tundu na tundu sentimita 20, na safu ya pili ianzie katikati ya matundu ya safu ya kwanza. Wengi husifia gunia lenye miche 40. Sisi tungepanda 25 pembeni na 4 juu, kwa sababu sukuma iliyobanana hutoa jani jembamba na hualika vidukari. Miche iwe ya wiki nne, na mzizi usikunjwe wakati wa kuingiza: fungua njia kwa kijiti, laza mzizi ukielekea chini, bana.

Lita 5 asubuhi na 5 jioni wakati wa kiangazi zinatosha gunia lililotengenezwa vyema. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanafaa. Ya kufulia yenye jiki hayafai. Kila wiki mbili pitisha kwenye mhimili maji ya samadi: kilo 5 za samadi ndani ya mfuko, zilowekwe kwenye lita 20 siku 14 zikikorogwa kila siku, kisha sehemu moja ya maji hayo kwa sehemu tatu za maji safi, mpaka rangi ifanane na chai ya rangi isiyokolea. Uvundo wake majirani watauzungumza, hivyo funika.

Hapa kwetu maji ya kisima yana chumvi. Kotimiri na maharage yanaungua ncha za majani, na juu ya udongo kuna unga mweupe. Nikizidisha mbolea hali inakuwa mbaya zaidi. *Bibi wa uani, Mji Mkongwe, Zanzibar*

Shikamoo bibi. Umejijibu mwenyewe katika sentensi ya mwisho: mbolea ya dukani nayo ni chumvi. Kila ndoo ya maji unayomwaga inaacha chumvi yake mle ndani, mmea unakunywa maji na kuiacha, jua linakausha na kuivuta juu, ndio huo unga. Ardhini mvua ingeikosha ikazama. Ndani ya chungu inabaki hapo hapo, inajilimbikiza.

Kwangua sentimita moja ya juu yenye unga uitupe. Kisha mimina maji mengi, mara mbili ya ujazo wa chungu, taratibu, yapite yatoke chini. Afadhali yawe ya mvua. Na kama una kiyoyozi, maji yanayodondoka kwenye bomba lake la nje hayana chumvi karibu kabisa, kinga kwa ndoo. Baada ya hapo kila unapomwagilia kwa maji ya kisima mwagilia mpaka kama robo ya maji itoke chini, na yaliyotoka yamwage. Wengi huacha chungu kimekaa kwenye sahani yake, kinayanywa tena yale yale. Mwaga kwenye udongo, usinyunyizie majani, maana tone likikauka juu ya jani linaacha chumvi yake pale.

Na chagua mboga zinazovumilia. Spinachi, ile yenye kikonyo kipana cheupe, ni ndugu wa kiazisukari na haisumbuliwi sana na chumvi. Maharage, karoti na vitunguu ndivyo dhaifu kuliko vyote. Nyanya na pilipili ziko katikati. Kotimiri ipe maji ya mvua tu, au panda chungu kimoja na ukitunze kama mgeni.

Giligilani haioti. Ikiota, wiki ya tano imeshatoa maua. *Mpishi, Kinondoni*

Kinachouzwa kama mbegu ya giligilani ni tunda lenye mbegu mbili ndani. Yatandaze juu ya kibao cha chapati, pitisha chupa juu yake kwa kuyakandamiza kidogo mpaka yapasuke vipande viwili. Yakisagika umebonyeza mno. Loweka usiku mmoja, chuja, sia palepale patakapokulia, kina cha sentimita moja. Mzizi wake ni mmoja mrefu na hauchukui kuhamishwa, kwa hiyo chombo kiwe na kina cha sentimita 20 au zaidi. Siku 7 hadi 14 zitaota. Hayo yakishafanyika, kilichobaki ni joto: giligilani ikihisi joto na ukame inakimbilia kuzaa. Iweke ipate jua la asubuhi, kuanzia saa tano iwe kivulini. Sia chombo kidogo kila wiki tatu badala ya kikubwa mara moja, ukate siku ya 35, usingoje iwe kichaka. Februari jijini hapo, tukisema kweli, nunua sokoni.

Sukuma zimejaa wadudu wadogo wa kijivu chini ya majani, na sisimizi wanapanda na kushuka. *Kijana wa paa, Mwanza*

Hao ni vidukari, na sisimizi ni wachungaji wao: wanakula utamu wanaoutoa na kuwafukuza wadudu wanaowala. Ukipiga dawa bila kushughulika na sisimizi, vidukari watarudishwa. Inua ndoo kwenye miguu minne, kila mguu ndani ya kopo la maji, na hakikisha hakuna jani linalogusa ukuta. Majani yaliyojikunja yachume uyatupe. Mengine yanyunyizie kijiko cha chai kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa lita moja ya maji, jioni, chini ya majani, maana sabuni humwua mdudu inayemgusa tu. Rudia baada ya siku nne, mara tatu. Jaribu kwanza jani moja usiku mzima, na sabuni ya unga ya kufulia isitumike, inachoma. Wakigoma, ponda gramu 50 za kokwa za mwarobaini kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza matone ya sabuni ili ishike. Nta ya jani la sukuma hukataa maji matupu.

Muscat tunaanza lini? Nilisia mchicha na bamia Juni, vimeungua. *Msomaji, Muscat*

Anza mwishoni mwa Septemba kwa bamia na mchicha, Oktoba kwa nyanya, giligilani na nanaa, uvune mpaka Aprili. Ukitaka kijani kiangazi, baki na mchicha, bamia na matembele chini ya wavu wa kivuli wa asilimia 50, vyombo vya lita 30 na kuendelea, rangi nyeupe. Mwagilia kabla jua halijachomoza. Na kabla ya kuelekeza mpira kwenye mmea, acha maji yatiririke pembeni kwanza: yaliyolala ndani ya mpira juani yanaweza kuunguza mizizi. Huenda Juni ile ndiyo iliyokuwa shida, wala si mbegu.

Kibaraza changu kinapata jua kuanzia saa mbili hadi saa tano tu. Nipande nini? *Mpangaji, Arusha*

Nanaa, vitunguu majani, giligilani, spinachi. Nyanya, hoho na bamia sahau, zinataka saa sita na zaidi. Ukuta wa nyuma upake chokaa nyeupe, utakurudishia mwanga bure.

Nanaa na rihani kwenye chungu kimoja, ni sawa? *Mombasa*

Hapana. Nanaa hutembea kwa vitawi vya chini ya udongo na ndani ya miezi mitatu rihani itakuwa imefukuzwa. Nanaa ipe beseni pana la kina cha sentimita 15, peke yake. Rihani ikatwe ncha juu ya pea ya tatu ya majani, na kila ikionyesha ua likatwe, la sivyo majani yanakuwa machungu.

Nyanya moja ilinyauka ghafla ikiwa mbichi kabisa, siku tatu ikafa. Naweza kutumia udongo wake tena? *Iringa*

Kabla ya kuutupa mmea, kata shina sentimita 5 juu ya udongo, kipande cha urefu wa kiganja. Kitundike ndani ya glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa ikiwa chini, na usiitikise. Tazama dakika tano. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka kutoka kwenye shina, ni mnyauko bakteria. Udongo huo usirudie nyanya, biringanya, hoho, pilipili wala viazi mviringo. Upeleke chini ya mti wa kivuli, mbali na bustani. Osha ndoo kwa sabuni, kisha iloweke nusu saa kwenye maji yenye sehemu moja ya jiki kwa sehemu tisa za maji, na kisu ulichokatia pia. Maji yasipobadilika rangi, chunguza mizizi kama tulivyomweleza mama wa Tabata.